Gundi Haipendi Mafuta ya Samaki

Mmeniomba niwaandikie kuhusu gundi. Ile siku mliyonipikia wali na kuku, mkanipa saa ya ukutani kana kwamba mtu aliyestaafu ana haja ya kujua ni saa ngapi, Otieno wa mashine alisimama akasema, "Mama, usiende na hiyo maarifa yote. Tuandikie, gundi gani kwa chuma gani." Wote mkapiga makofi. Nikasema sawa, ukurasa mmoja. Yawa, ukurasa mmoja! Hii ni wiki ya tatu niko hapa kwangu Kisian na daftari limefika nusu, na kila nikianza na gundi naishia kwa mtu mmoja ambaye wengi wenu hamkumjua. Mtanisamehe. Nitayaeleza yote mawili pamoja, kwa sababu kuna neno baya juu ya huyo mtu limeandikwa kwenye daftari la kazi la karakana, na mimi ndiye niliyeliacha likae hapo.

Nilifika karakana nikiwa na miaka ishirini na nne, na cheti cha kuchomelea kutoka politekniki, na ovaroli aliyonishonea shangazi, yenye ua jekundu mfukoni. Kuchomelea nilikujua. Gundi kwangu ilikuwa kitu cha soli za viatu na madaftari ya shule. Wanaume wa upande wa kuchomelea waliniangalia kama mtu aliyepotea akienda sokoni. Mmoja akaniuliza chai iko wapi. Meneja wa wakati huo alikuwa mtu mpole wa Milimani, anakuja kazini na viatu vyeupe kwenye sakafu ya grisi, na hakutaka vita. Akanipeleka kona ya nyuma, karibu na dirisha linaloangalia ziwa, kwa Mzee Ndirangu.

Hakuwa mzee wakati ule, alikuwa na miaka arobaini hivi. Walimwita Mzee kwa sababu alitembea polepole na hakupandisha sauti hata nyundo ikimwangukia. Kwao ni upande wa Nyahururu, kwenye baridi. Alikuja Kisumu akiwa kijana kufuata kazi ya maboti, akakaa, akalea mtoto hapa, akajifunza Dholuo ya kusalimia na ya kutania, basi. Aliniita "nyako", yaani msichana, hata siku nilipokuwa na watoto watatu.

Salamu haikuwa ndefu. Alinipa vipande viwili vya bati nene, kila kimoja urefu wa kiganja, na mikebe miwili ya gundi, mweupe na mweusi. "Shikanisha," akasema. "Halafu unaning'iniza jiwe." Jiwe lenyewe mnalijua, ni lile jeusi lililofungwa waya, liko pale mpaka leo. Sheria yake ilikuwa hii: mkebe mpya ukifunguliwa, hakuna kazi ya mtu inayoguswa mpaka vipande viwili vigandishwe, vining'inizwe kwenye boriti na jiwe chini, vikae siku tatu. Hata meneja akija na simu ya mteja sikioni, siku tatu ni siku tatu.

Mimi nilipaka gundi, nikabana, kesho yake nikaning'iniza, nikasimama pembeni na kiburi changu cha cheti. Haikufika saa nne ya chai. Jiwe likaanguka kwenye ndoo, maji yakaruka hadi kwenye meza, na upande wa kuchomelea wakacheka hadi wengine wakaketi. Mzee hakucheka. Aliokota vile vipande akanionyesha. Kimoja kilikuwa na gundi yote, kingine kilikuwa kitupu, kinang'aa.

"Angalia, nyako. Hii gundi haijakatika. Imekataa. Ikikatika katikati, huku kidogo na huku kidogo, basi gundi ni mbaya ama imechanganywa vibaya, hapo uniulize mimi. Lakini ikitoka nzima, chuma kikabaki kitupu hivi, hapo ni mtu hakuandaa chuma. Hapo ujiulize wewe."

Shikeni hilo neno, kwa sababu ndilo lililonifunga baadaye.

Sasa niwape mliyoyataka. Watu huuliza, gundi gani ina nguvu kuliko zote? Hilo ni swali la mtu asiyejua kazi. Uliza kwanza ni kitu gani unabandika, na kwenye chuma gani, na hicho kitu kitasumbuliwa na nini. Chuma cheusi kina kutu, na gundi hubandika kutu. Kutu ikibanduka inaondoka na gundi yako. Bati la mabati lina ngozi ya juu inayobanduka nayo, usiiamini na mzigo. Aluminiamu ina kiburi: ukiipiga msasa sasa hivi, inaanza kujivika ngozi mpya saa hiyo hiyo, kwa hivyo gundi iingie kabla saa moja haijaisha. Mpira kwenye chuma unataka gundi inayokubali kunyooka, ile unayopaka pande zote mbili, unangoja ikauke ukiigusa isishike kidole, ndipo unakutanisha, na ukishakutanisha umemaliza, hakuna kurudi nyuma kurekebisha. Ile ya haraka ya kichupa kidogo, nawaona mnaipenda sana. Ni nzuri kwa miwani ya bibi yako. Kwenye boti inayotetemeka na injini itapasuka kama kioo.

Na gundi zote, hata kali vipi, zinachukia kuchubuliwa. Ukiivuta kwa upana wake wote inashika kufa na kupona. Ukiianza kwenye pembe moja inatoka kama ganda la ndizi. Kwa hivyo kipande chako kiwe na mguu mpana, na pembe zake uziviringishe. Mzee alikuwa na vipande vya mbao alivyochonga kuonyesha jambo hilo, akivishika mkononi na kuvisukuma huku na huku, na nilipokuwa nachoka kusikiliza aliniambia, "Wewe endelea kuangalia ziwa. Ziwa halitakufundisha."

Lakini usafi ndio uliokuwa dini yake. Msasa kwanza, kwa kuzungusha, si kwa mstari. Kisha thina na kitambaa kipya, unafuta kuelekea upande mmoja, unatupa kitambaa. Ukimaliza, hakuna kugusa. Si kwa kidole, si kwa mgongo wa mkono. Na hapa ndipo mimi na yeye tulipokuwa na kesi ya kila siku, kwa sababu mimi ni mtu wa ziwa.

Saa saba sisi wote tulishuka kwenye vile vibanda vya samaki karibu na maji, ambavyo siku hizi havipo. Ngege mzima wa kukaanga, ugali, sukuma, watu watano sinia moja, na mkono ndio kijiko. Nani anakula samaki kwa uma? Mzee alibaki na kopo lake la githeri na kijiko chake. Alikuwa hali samaki. "Mnyama hana miguu, hana shingo," alisema, "nitajuaje amekufa?" Tulimcheka sana. Tukirudi anatungoja mlangoni na kipande cha sabuni na nusu ya ndimu, na swali moja: "Umenawa?" Ukisema nimenawa, ananusa. Sabuni, ndimu, sabuni tena. Wanaume wazima wenye ndevu walinuswa vidole kama watoto wa nasari. Swali hilo nililisikia kila siku ya kazi kwa miaka kumi na minne, na wakati huo lilinichosha. Siku hizi nikimaliza kula hapa nyumbani nasimama karibu na karai nikilingoja.

Miaka ile ndiyo ninayoitamani. Sitaki kuwadanganya kwamba kazi yenyewe ilikuwa tamu, paa lilivuja na mvuke wa thina ulituumiza kichwa. Natamani ile kona. Asubuhi jua linaingia dirishani, ziwa limetulia, yeye anachanganya gundi juu ya kadibodi kwa kisu chake, kile alichokisaga kutoka msumeno uliovunjika, akafunga mpini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Alipima kwa vifuniko vya soda, vitatu vyeupe, kimoja cheusi, akihesabu kwa sauti, kwa Kikuyu, polepole, kisha akikoroga mpaka mistari yote iishe na rangi iwe moja. Mimi ninaandaa chuma, yeye anachanganya. Tulifanya kazi hivyo, tukiongea kidogo sana, na sijawahi kupata tena mtu wa kunyamaza naye vile.

Boti ya kliniki ililetwa msimu wa joto. Ilikuwa ya aluminiamu, ya kanisa moja, ikizunguka visiwani na muuguzi na kisanduku cha chanjo. Aliyeisimamia ni mtawa mmoja tuliyemwita Sista tu, mwanamke wa haraka. Nyuma ya boti, kishikizo cha waya wa usukani kilikuwa kimelegea. Bolti zake za zamani zilikuwa zimekula matundu, na ukuta wenyewe ulikuwa umeshikana na tangi la petroli. Kutoboa upya ni hatari, na kuchomelea ndiyo usiseme. Mzee akaamua: tutaziba matundu, tutatengeneza kishikizo kipya chenye mguu mpana, tutakigandisha.

Siku ya kazi nilipiga msasa ule ukuta asubuhi. Sista akaja na maswali, kukatokea hiki na kile, saa ikapita, saa saba ikafika. Nikashuka kula samaki, nikarudi kwenye boti kuupiga msasa tena haraka, maana ngozi ya aluminiamu imerudi, na kuufuta kwa thina. Hayo niliyafanya vizuri. Lakini maji hayakuwepo. Mnajua mji wetu. Ziwa lote lile liko mlangoni, mfereji mkavu. Sikuona sababu ya kushuka mpaka ufukweni na sabuni kwa ajili ya vidole kumi. Nikafuta mikono kwenye ovaroli. Na nilipomaliza na thina nikaona kama vumbi limebaki, nikapitisha dole gumba, hivi, kidogo tu, nisikie kama ni laini.

Mzee alikuwa ameinamia kadibodi yake. "Mbili," akahesabu, na hapo Sista akaingia, "Hodi, jamani, boti itatoka lini?" Mzee akamjibu kwa heshima, akarudi, akapima kifuniko cha tatu. Mimi nilikiona. Kisha cheusi. Akakoroga, akaja na gundi kwenye ncha ya kisu, akaniangalia. Pua yake ilikuwa na mafua siku hiyo.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

Akapaka.

Tuliibana, ikakaa siku zake, boti ikatoka. Siku kadhaa baadaye, mbele ya ufuo wa Luanda Kotieno, upepo ukivuma, kishikizo kilibanduka na kudumbukia ziwani, na usukani ukawa wa kupamba tu. Boti ikapelekwa na maji hadi kwenye magugu, muuguzi, nahodha na akina mama wawili na watoto wao ndani, wakakaa humo tangu asubuhi mpaka alasiri, jua kali, wakitapika. Wavuvi ndio waliowavuta. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo namshukuru Mungu kila Jumapili. Chanjo zote ziliharibika.

Boti iliporudishwa, Mzee aliitwa ofisini, nami nikatumwa kuangalia. Nilipanda peke yangu. Nikainama nyuma. Ukuta ulikuwa mtupu, unang'aa, gundi yote imeondoka na kishikizo. Na katikati ya ule mng'ao kulikuwa na alama ya ukungu, mviringo, yenye mistari myembamba. Mnajua dole gumba langu la kulia lina kovu la grainda. Kovu pia lilikuwepo.

Nilikuwa na watoto watatu na mume aliyekuwa mgonjwa. Hiyo ni sababu, lakini siyo udhuru. Nilichukua msasa nikafuta.

Mzee alirudi kutoka ofisini akanikuta kwenye kona yetu. Hakuuliza nani wala kwa nini. Aliuliza kama fundi. "Umeiona? Ilikatikaje?"

Nikasema, "Katikati, Mzee. Gundi kidogo imebaki huku, nimeisafisha."

Aliketi. Akavua kofia. "Sista aliingia nikihesabu," akasema, kama anaongea na meza. "Niliweka mbili ama tatu?" Akaangalia mikono yake, mbele na nyuma. Kisha akarudi ofisini akasema kosa ni lake, na meneja akaandika hivyo hivyo kwenye daftari la kazi: kuchanganya vibaya, Ndirangu. Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo, kutoa bolti na misasa kupitia dirisha dogo. Kona nikapewa mimi. Sikutaka kuzungumzia vyeo, lakini hicho lazima mkijue nilikipataje.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, jamani. Miaka mitatu nilisimama mbele ya lile dirisha kila asubuhi. "Mzee, msasa nambari themanini." "Chukua, nyako. Uweke sahihi." Mara nyingi nilifungua mdomo. Nilijidanganya kwa njia moja: nilijiambia anajua. Fundi kama yule, atakosaje kujua? Anajua, ananifichia kwa sababu ya watoto, siku moja tutacheka. Nikalilalia hilo kama godoro. Lakini tangu siku ya boti hakuniuliza tena kama nimenawa, na niliona, na sikutaka kufikiria kwa nini.

Kisha ukaja uchaguzi ule ambao mji ulichafuka. Wakubwa mnajua, wadogo waulize wazazi. Watu wa kwao Mzee waliokuwa na maduka na vibanda na kazi waliondoka kwa malori, magodoro juu. Niliwakuta kwenye uwanja wa kituo cha polisi, yeye, mkewe, na binti yao Nyambura akiwa na sare ya shule. Nilikuwa nimewabebea mkate na maji. Nilikuwa na aibu ya mji wangu na aibu yangu mwenyewe.

Mzee akatoa ufunguo mfukoni. "Droo ya chini, kisu changu kimo. Kaa nacho. Mimi sitakihitaji tena."

Nikasema, "Utarudi, Mzee."

"Hata nikirudi," akasema.

Nilidhani anasema hivyo kwa sababu ya vurugu. Lori likawashwa. Namba yake ya simu ikapatikana wiki mbili, kisha haikupatikana tena. Mambo yalipotulia baadhi ya watu wake walirudi, yeye hakurudi, nami kwa miezi mingi nilikuwa nikiinua kichwa kila mlango wa nyuma ukilia. Kisu sikukitumia hata siku moja, wala hiyo droo sikumfungulia mtu. Mlikuwa mkiniuliza ndani mna nini nikawaambia risiti.

Kwa hivyo mwezi huu, nilipofika kwenye ukurasa wa kuandaa chuma, kalamu ilisimama. Ningewaandikia nini? Naweni mikono? Nikafunga daftari, nikapanda gari hadi sokoni kwa Wanjiku anayeuza viazi, yeye ni wa upande wa Nyahururu na huenda kwao kila mwezi. Nikamuuliza, nikiwa na hofu ya jibu.

"Ndirangu wa gundi?" akasema, huku anapima viazi vya mtu. "Yuko! Tunasali kanisa moja nikienda nyumbani. Kwani hamwongei?"

Nilipiga namba aliyonipa Wanjiku, Jumamosi saa tatu asubuhi, nikiwa nimesimama.

"Mzee, ni Adhiambo. Wa Kisumu."

"Nyako! Uko hai?"

"Niko hai. Nimestaafu, Mzee."

"Wewe? Wewe si ni mtoto!" Akacheka kile kicheko chake cha puani, nami nikaketi. Tukauliziana watu, nani amekufa, nani ameota mvi. Kisha mimi, mjinga, kwa kutafuta njia ya kuingilia, nikamuuliza siku hizi anagandisha nini huko.

"Mimi? Sigandishi kitu. Nina ng'ombe wawili. Kitu kikivunjika napeleka kwa fundi mjini."

"Kwa nini, Mzee?"

"Adhi, si unajua. Mkono uliharibika. Ile boti ilikuwa na watoto ndani. Nikasema Mungu amenionya mara moja, sitangoja mara ya pili."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakujua. Hakuwahi kujua. Hakuwa amenifichia kitu chochote, alikuwa ameniamini. Miaka yote hiyo mtu yule, mwenye mkono ule, alikuwa anabeba kopo lililovunjika hadi mjini kwa watu ambao angeweza kuwafundisha.

"Mzee," nikasema, "haikukatika katikati."

Sikuhitaji kueleza zaidi, gundi aliijua kuliko mimi. Nikasikia ng'ombe, nikasikia mtu akifunga mlango.

"Ilitoka nzima?"

"Ilitoka nzima. Chuma kilikuwa kitupu. Nilikula samaki, maji hayakuwepo, nikakwambia nimenawa. Alama ya dole langu ilikuwepo, Mzee, na kovu lake. Nikaifuta na msasa."

"Kwa hivyo vifuniko vilikuwa vitatu."

"Vitatu. Mimi nilikuona."

"Vitatu," akasema. Pumzi yake ilikuwa inasikika. "Ngoja kidogo." Akaweka simu mahali. Nilingoja, nikiita Mzee, Mzee, mpaka ikakatika yenyewe.

Siku kumi hakupiga, na sikuthubutu kupiga. Sikula vizuri. Ilifika mahali nikasema bora ningekufa na siri yangu kuliko kumpelekea mtu wa miaka sabini na sita habari kwamba alijinyima kazi yake bure. Na nikilala nafikiria ile kona, nilikuwa siioni tena vizuri kama zamani.

Jana Jumanne simu ililia, na haikuwa yeye. Ilikuwa Nyambura, yule binti wa sare, sasa ni mwalimu mwenye watoto.

"Auntie, ulimwambia baba nini?"

Nikamuuliza yukoje.

"Sikufichi, alikasirika. Wiki nzima anatembea shambani akiongea peke yake. Mama akamwogopa. Halafu jana asubuhi akaenda mjini bila kutuambia, akarudi na gundi, zile tyubu mbili, na msasa. Tuna kopo la maziwa la aluminiamu, mkono wake ulitoka mwaka jana. Ameketi nalo siku nzima. Amenawa mara tatu, auntie. Na mimi akaniambia ninawe, na sikuwa nashika kitu!"

"Sasa liko wapi?"

"Amelining'iniza hapo barazani na jiwe kubwa ndani, juu ya mlango. Mama akitaka kuingia anazunguka kwa jikoni. Hakuna mtu kugusa mpaka Alhamisi, amesema. Yeye mwenyewe ameweka kiti hapo chini." Akashusha sauti. "Anauliza kama kisu chake bado unacho."

Nikamwambia kipo.

Basi Otieno, kabla hujasoma habari ya msasa na thina kwa wenzako, fungua lile daftari la kazi la zamani, lenye jalada la kijani, kabati la stoo. Tafuta boti ya kliniki. Palipoandikwa kuchanganya vibaya, Ndirangu, piga mstari kwa wino, na uandike juu yake: mafuta ya samaki, Adhiambo. Usiandike kwa penseli.

Kisu nilichotoka nacho karakana nimekipaka mafuta, nikakifunga kwa gazeti, na nitakipeleka mwenyewe, sitakituma. Sijui kama amenisamehe. Hakusema, na sikuuliza. Ninachojua ni kwamba huko kwenye baridi kuna kopo limening'inia na jiwe ndani, na mzee ameketi chini yake anaangalia. Leo ni Jumatano. Nimepika samaki, nimekula, nimenawa, na simu iko hapa mezani karibu na mkono.